Uradi wa Wahindu na Mlango Uliofungwa

Watu wa pwani yetu wamekaa na Wahindu kwa miaka mingi, wakinunua kwao nguo na viungo. Walakini ni wachache waliouliza mzee mwenye duka hunong'ona nini alfajiri, kabla hajafungua milango. Mkono wake wa kuume umo ndani ya kifuko cha nguo, na midomo yake yacheza bila sauti kusikika. Wengine hudhani ni uganga. Sisi twaona yafaa kuieleza habari hii tangu asili yake, maana ndani yake mna ugomvi uliopata kutokea katika mataifa mengi: je, maneno matakatifu ni mali ya nani?

Maneno yale huitwa mantra. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi, shina la neno hilo ni kufikiri, na mwisho wake waonyesha chombo. Basi mantra ni chombo cha kufikiria. Aliyezoea tasbihi au rozari ataitambua kazi yenyewe mara moja: ni maneno machache yanayorudiwa mara nyingi, kama mtu anayevuta uradi.

Mantra za kale kabisa zimo katika Rigveda, mkusanyo wa nyimbo 1,028 uliotungwa yapata miaka 3,000 iliyopita, au zaidi. Kwa karne nyingi nyimbo hizo hazikuandikwa. Zilikaa vichwani mwa Wabramini, yaani tabaka la makuhani. Jinsi walivyozihifadhi yastahili kusimuliwa kwa vijana wetu wanaonung'unika wakiambiwa wakariri hesabu za kuzidisha. Mwanafunzi alisoma mstari kwanza kama ulivyo. Kisha alitenga neno moja moja. Kisha aliyaunga maneno mawili mawili: la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la nne. Akiisha kuyaweza hayo, alisoma la kwanza na la pili, akarudi la pili na la kwanza, akasema tena la kwanza na la pili, ndipo akasogea mbele. Na hivyo hivyo hata mwisho wa wimbo. Neno moja likianguka, mfuatano wote hukwama, na mwalimu hulijua kosa papo hapo. Kwa njia hiyo nyimbo zilidumu pasipo wino wala karatasi. Mwaka 2003 shirika la UNESCO lilitangaza usomaji huo kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa wanadamu.

Mtoto wa Bramini alianza kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 8 hivi. Alivikwa uzi mtakatifu begani, akaketi mbele ya mwalimu, akafundishwa mantra iitwayo Gayatri, ambayo ina silabi 24 na yaelekezwa kwa Savitri, mungu wa jua. Hakupewa yote kwa mara moja. Kwanza alipewa kipande kimoja kimoja, halafu nusu, halafu nzima. Hata leo mwalimu mwema wa darasa la kwanza hufanya vivyo hivyo.

Lakini mlango huo haukuwa wazi kwa kila mtu. Sheria za kale ziliwaruhusu wanaume wa matabaka matatu ya juu tu. Watu wa tabaka la nne, waitwao Washudra, walikatazwa, na wanawake wakaachwa nje. Na waliohesabiwa chini ya matabaka yote hawakufikiriwa kabisa. Mkulima na mfinyanzi walimlisha kuhani na kumfanyia vyungu, wasiruhusiwe kutamka anayoyatamka yeye.

Hapo ndipo latokea jina la Ramanuja, mwanachuoni wa kusini mwa Bara Hindi, ambaye mapokeo yasema alizaliwa mwaka 1017 akafa mwaka 1137. Wafuasi wake husimulia kwamba alitamani kufundishwa siri ya mantra yenye silabi nane, ambayo ni salamu ya unyenyekevu kwa Mungu kwa jina la Narayana. Aliyeijua siri hiyo alikaa katika mji wa Tirukoshtiyur. Ramanuja alitoka Srirangam akaenda kwake kwa miguu, akarudishwa. Akaenda tena, akarudishwa tena. Hata safari ya 18 mwalimu akakubali, lakini akamwapisha asimwambie mtu yeyote, na akamwonya kwamba akiitoa siri atakwenda motoni. Ramanuja alitoka pale akapanda juu ya hekalu, akawaita watu wa mji, akawatangazia wote. Mwalimu alipomjia kwa hasira, alijibu kwamba yu radhi kuungua yeye peke yake, ikiwa umati ule utaokoka. Yasemekana mwalimu alinyamaza, kisha akamkumbatia.

Kisa hiki ni mapokeo ya wafuasi, si hati ya baraza. Wala tusimgeuze Ramanuja kuwa mtu wa zama zetu: katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya dini aliishika sheria ya zamani, kwamba Washudra hawana ruhusa ya kusoma Veda. Hata hivyo kisa chenyewe kimependwa kwa karne nyingi, na watu hawapendi kisa bure.

Mlango wa Veda zenyewe ulisukumwa kwa nguvu baadaye sana. Mwaka 1875, katika mji wa Bombay, Dayananda Saraswati alianzisha chama cha Arya Samaj, akafundisha kwamba Veda ni za watu wote, Washudra na wanawake pia. Mafundisho hayo yalivuka bahari pamoja na wahamiaji, na mwaka 1903 Arya Samaj ilianzishwa Nairobi, wakati mji huo ulikuwa bado wa mabati na vumbi la reli.

Na faida yake ni nini? Sheria za Manu zasema kwamba kurudia mantra kwapita sadaka za kawaida mara kumi, kuinong'ona mara mia, na kuisema moyoni mara elfu. Hayo ni mambo ya imani. Lakini mwaka 2001 waganga wa Pavia, nchini Italia, walitangaza jambo walilolipima kwa watu 23 wenye afya. Watu hao walisoma rozari kwa Kilatini, kisha mantra, na katika yote mawili pumzi zao zilipungua zikawa kama 6 kwa dakika, na mwendo wa moyo ukalingana nazo vizuri zaidi. Watu 23 ni wachache, wala hapakusemwa kwamba ugonjwa wowote waponywa hivyo. Sisi twalitaja kwa kuwa pumzi haikuuliza ni dini gani.

Mwenye kuanza hupewa shanga 108 na huambiwa aseme kwa sauti, maana moyo wa mwanafunzi hukimbia kama mbuzi aliyekatika kamba, na sauti humrudisha. Huketi mahali pamoja, saa ile ile, kabla jua halijachomoza. Shanga huvutwa kwa kidole gumba juu ya kidole cha kati. Kidole cha shahada hakigusi. Mwishoni pana ushanga mkubwa, na huo haurukwi. Akiufikia, huzigeuza shanga mkononi, akaanza tena kurudi alikotoka.