STAA, CROWN YA BABA YAKE NA KITUFE CHA O/D: STORI ILIYOANZA KABLA HATUJAZALIWA

Wadau, kila mtu mjini sasa hivi anaota Crown Athlete. Sawa. Ila leo tunarudi nyuma kidogo, kwa Crown za kwanza kwanza, na kwa kile kitufe kimeandikwa O/D ambacho wengi wetu tunakiona kwenye gia na hatujui kinafanya nini. Kuna staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, ambaye kitufe hicho kilimtoa jasho na nusura kimkosanishe na mzee wake kule Ziba, wilayani Igunga, mkoa wa Tabora.

Tuanze na historia, maana bila hiyo hutaelewa mzee alichukia nini.

Watu wa Unyamwezi walijua safari ndefu zamani sana. Burton na Speke walipofika Tabora Novemba 1857, njia ya kutoka pwani ilikuwa tayari imekanyagwa na misafara ya Wanyamwezi na Waarabu. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 na zaidi kichwani au begani, na mbele yao alitembea kirangozi, kiongozi wa msafara, ndiye mwenye kupanga mwendo. Siku ya kawaida walitembea asubuhi, jua likiwa kali wanapumzika. Pakiwa hakuna maji mbele, walitirikeza: wanaondoka mchana, wanalala porini bila maji, kesho asubuhi wanayafikia. Kirangozi mzuri hakuwa yule mwenye mbio. Alikuwa yule anayejua wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza, ili watu wafike wazima.

Reli ikafika Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914, upagazi ukafifia. Baadaye yakaja magari, na swali likabaki lile lile: utafikaje mbali bila kuua mnyama anayekubeba?

Upande wa Marekani, General Motors walitoa Hydra-Matic mwaka 1939, otomatiki ya gia nne kwenye Oldsmobile. Lakini gia yake ya juu ilikuwa moja kwa moja, yaani injini ikizunguka mara moja, propela nayo mara moja. Otomatiki nyingi zilizofuata zikaishia gia tatu. Kwa mjini fresh tu. Kwenye safari ndefu injini inapiga kelele na kunywa mafuta kama haina kesho.

Ndipo mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ikapaa, na 1979 ikapaa tena. Waulize wazee wenu, Tanzania ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin, fedha za kigeni hamna, na kuna kipindi ilikuwa marufuku kuendesha gari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana. Siyo utani.

Wajapani walikuwa wameshaanza kulifanyia kazi tatizo hilo. Mwaka 1977 Toyota na kampuni ya Aisin-Warner walileta giaboksi inayoitwa A40D, otomatiki ya gia nne yenye overdraivu, ikawekwa kwenye Crown. Gia ya nne uwiano wake ni kama 0.69. Maana yake ni hii: kama gia ya tatu injini inazunguka 3,000 kwa dakika, ukiingia O/D kwa spidi ile ile inashuka kwenye 2,070 hivi. Injini inapumua, mafuta yanapona. Ila nguvu ya kuvuta nayo inapungua, ndiyo maana wakaweka kitufe cha kuizima kwenye milima. Taa ya "O/D OFF" ikiwaka baada ya kukibonyeza, gari halijaharibika, ni wewe umelinyima gia ya nne.

Sasa turudi kwa staa wetu.

Baba yake ni mkulima wa pamba. Zamani, mavuno yalipokubali, alinunua Crown ya mwanzoni mwa miaka ya 70, mkononi mwa mtu, otomatiki ya gia tatu. Pale kijijini lile gari lilikuwa la harusi, la msiba, na la kupeleka wagonjwa hospitali ya Nkinga usiku wa manane. Staa mwenyewe anasema alipelekwa nalo akiwa na malaria, mdogo kabisa, amelazwa siti ya nyuma.

Hela zilipoingia, akamwambia mzee: "Baba, nipe gari nikalitengeneze mjini, nitakurudishia jipya." Mzee akakubali. Likapakiwa kwenye Fuso.

Gereji moja mjini ikamshauri atoe giaboksi ya zamani, aweke ya gia nne yenye O/D. Wazo lenyewe siyo baya, watu duniani kote wanafanya hivyo kwenye magari ya kizamani ili yaweze safari ndefu. Wakakata propela kuendana na urefu, wakahamisha maunti, wakapitisha waya wa O/D. Rangi ikapigwa, picha zikapostiwa, tukalike wote.

Kilichosahaulika ni kebo moja nyembamba inayotoka kwenye kabureta kwenda kwenye giaboksi. Kebo hiyo ndiyo inayoiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani, ili ipandishe presha ya oili na kuzibana klachi za ndani. Ikilegea, presha inakuwa ndogo, gia zinaingia mapema na laini, unasema "gari tamu hili!" kumbe klachi zinateleza na kuungua taratibu. Ikikazwa mno, gia zinachelewa na kugonga.

Staa akatoka Dar kwenda Ziba kumfanyia mzee sapraizi. Baada ya Dodoma akaanza kuona mshale wa RPM unapanda, spidi haipandi. Akaendelea. Mlima Sekenke akaushuka O/D ikiwa imewashwa, yaani injini haimsaidii kushika gari, breki zikanuka. Alipofika tambarare ya Wembere, gari likanguruma bila kwenda. Akavutwa na lori mpaka nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee hakusema kingine. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akanusa. Nyeusi, inanuka kuungua. Kisha akauliza swali moja: "Ile giaboksi yangu ya zamani iko wapi?"

Kimya. Gereji ilikuwa imeiuza skrepa, na staa hakuwahi kuuliza.

Mzee akaenda kukaa chini ya mwembe. Siku mbili hawakuongea. Jamaa anasema kilichomuuma siyo hela, ni kwamba ile giaboksi ndiyo iliyompeleka Nkinga alipokuwa anakufa, na yeye akaiacha iende kama chuma chakavu.

Fundi mmoja wa Igunga akaishusha, klachi zikabadilishwa, oili mpya ikaingia. Ilipofika zamu ya kebo, fundi akasema hii kazi inataka watu wawili. Injini imezimwa, mmoja anakanyaga mafuta mpaka mwisho, mwingine anapima kwenye kebo: kwenye Toyota nyingi za enzi hizo, nafasi kati ya mwisho wa ganda na kizuizi iwe milimita 0 hadi 1, basi. Mzee akainuka pale mwembeni, akaingia kwenye siti ya dereva bila kuambiwa, akakanyaga. Mwanaye akapima.

"Tayari?"

"Bado kidogo baba. Shikilia hapo hapo."

Wakawasha, wakaliacha lipate moto, gia ikiwa P na injini ikiunguruma wakapima oili tena. Nyekundu, safi. Mzee akaendesha mwenyewe mpaka Shelui, akapanda Sekenke O/D imezimwa, akageuza, akashuka hivyo hivyo. Walipofika Wembere pamenyooka, akakibonyeza kitufe. Injini ikatulia.

"Kumbe ina akili," akasema. Ndiyo msamaha wenyewe huo, wazee wetu mnawajua.

Mdau, kama mzee wako ana gari la zamani uani, kabla hujampelekea fundi muulize kwanza lilimbeba nani. Na kifaa kinachotolewa, rudi nacho nyumbani. Haya, tupia hapo chini: gari la kwanza la kwenu lilikuwa gani, na liko wapi leo?