Ujifunzaji Mseto: Choroko Hutangulia

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya uuguzi anaweza kujifunza kukokotoa matone ya dripu akiwa kwao Songea, simu mkononi. Mgonjwa apewe lita 1 ya maji kwa saa 8, na mpira wa dripu hutoa matone 20 kwa kila mililita. Anazidisha 1,000 kwa 20, anagawanya kwa dakika 480, anapata takriban matone 42 kwa dakika. Lakini mshipa wa mgonjwa aliyeishiwa maji mwilini, unaojificha chini ya ngozi na kukwepa sindano inapoukaribia, hauonekani kwenye kioo cha simu. Huo hutafutwa kwa ncha ya kidole. Baina ya hesabu ile na mshipa huu ndipo inapokaa istilahi yetu: ujifunzaji mseto.

Maana yake ni mpango wa masomo ambao sehemu ya kazi hufanyika mtandaoni na sehemu nyingine ana kwa ana, nazo zimefungamanishwa tangu mwanzo hata ukiondoa moja, ya pili inapwaya.

Tuanze na neno la kwanza. Katika kitenzi “jifunza”, kiambishi “ji” humrudishia mtenda tendo lake mwenyewe. Kwa hiyo anayepanga ujifunzaji anapanga kazi ya mwanafunzi: asome nini, ajaribu nini, akosee wapi bila kumdhuru mtu, nani amsahihishe. Mhadhiri akipakia slaidi 80 mtandaoni amemaliza kazi yake, ila mwanafunzi hata hajaianza ya kwake. Ndiyo maana naona “ujifunzaji” linafaa kuliko “ufundishaji”.

Neno la pili limetoka jikoni. Kuseta ni kuponda, na mseto wa watu wa pwani ni wali uliopikwa pamoja na choroko mpaka vikashikana. Mpishi wake anajua kwamba choroko hutangulia motoni kwa kuwa hukawia kuiva, kisha mchele hufuata. Ukivitia vyote kwa wakati mmoja, mchele utavurugika choroko ikiwa bado ngumu. Kutoka kwenye sufuria neno likatembea: tukapata kilimo mseto, serikali ya mseto, na dawa mseto ya malaria.

Hiyo ya mwisho kila muuguzi wa Tanzania anaijua. ALu, inayotumika nchini tangu mwishoni mwa 2006, ni dozi sita zinazomezwa kwa siku tatu. Ndani yake, artemetha hupunguza vimelea upesi lakini haidumu mwilini, ilhali lumefantrini hubaki siku kadhaa ikimalizia vilivyosalia. Kila moja inafanya kazi ambayo mwenzake haiwezi. Hivyo ndivyo mtandao na wodi vinavyopaswa kugawana kazi.

Wapo wanaopendekeza “ujifunzaji mchanganyiko”. Neno hilo linatuambia vitu vimewekwa pamoja, halituambii kama vilipangwa. “Changamani” nalo huelekeza mawazo kwenye utata, na mwanafunzi hahitaji kutishwa kabla hajaanza. Mseto una tahadhari yake pia: katika serikali ya mseto kila chama hubaki na bendera yake na kinaweza kujitoa. Mimi nashikilia maana ya sufuria, kwa kuwa wali ukishashikana na choroko haujitoi.

Istilahi hii haina budi kutenganishwa na jambo lililofanana nayo kwa sura. Machi 2020 vyuo vya Tanzania vilifungwa kwa ajili ya UVIKO-19, vikafunguliwa 1 Juni. Mwezi huo huo wa Machi, Charles Hodges na wenzake nchini Marekani waliandika kwamba masomo yaliyohamishiwa mtandaoni ghafla yaitwe ufundishaji wa mbali wa dharura, yasichukuliwe kuwa sawa na yale yaliyopangwa kwa ajili ya mtandao. Muuguzi anaelewa tofauti hiyo vizuri. Dharura ina taratibu zake za kuokoa maisha, ila hakuna anayeendesha wodi nzima mwaka mzima kwa taratibu za dharura.

Sasa, katika uuguzi choroko ni ipi? Benjamin Bloom na wenzake, mwaka 1956, waliyagawa malengo ya elimu katika nyanja tatu, ambazo kwetu tunaziita maarifa, mwelekeo na stadi. Maarifa huiva upesi, na mtandao huyapika vizuri. Stadi za mkono hukawia. Kwa hiyo mpangaji aanze na siku za maabara ya stadi na zamu za wodini, ndipo mtandao ujaze nafasi zilizobaki. Wengi huanza kwa kuchagua programu ya kufundishia, na hapo mchele umetangulia choroko.

Turudi kwenye dripu. Wiki ya kwanza mwanafunzi ashike kanula na achome mkono wa plastiki, asingoje nadharia iishe. Jioni ya siku hizo hizo afanye hesabu za matone mtandaoni, arudie hadi asikosee. Video ya kuonyesha hatua iwe fupi na ipakulike, maana bando ni fedha na aliyetoka zamu ya usiku atasoma akishaamka. Kipindi cha mubashara kitunzwe kwa yale yanayohitaji jibu papo hapo, kama kujadili kwa nini mkono wa mgonjwa umevimba pale sindano ilipoingia. Akishatoka wodini arudi mtandaoni aandike alichokiona, bila jina la mgonjwa, na mkufunzi amjibu.

Na mwelekeo? Kuomba ridhaa ya mgonjwa, kumwambia “Mama, hapa utasikia maumivu kidogo” kabla ya kumchoma, huko hujifunzwa kwa kumtazama muuguzi mzoefu kando ya kitanda. Mtandao unaweza kumpa mwanafunzi maneno ya kusema. Sauti ya kuyasemea huipata wodini, na haiivi kwa wiki moja. Nayo ni choroko, ibandikwe mapema.