Jumuiya Ndogondogo za Kikristo

Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ni makundi ya familia jirani za Kikatoliki, chini ya kigango au parokia, yanayokutana nyumbani kwa wanajumuiya kwa zamu, kwa kawaida kila wiki, kusali na kusaidiana. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele cha kichungaji katika mkutano wa Nairobi mwaka 1976. Kila jumuiya huwa na mtakatifu msimamizi na viongozi wake, wakiwemo mwenyekiti, katibu na mhazini. Wanajumuiya husoma Injili ya Jumapili, hushirikishana tafakari na kutaja nia za maombi. Mgonjwa hutembelewa, na mwenzao akifiwa, huchanga fedha, hupika na kusali rozari msibani.