Safu ya Lugha: Beji au nishani?

“Beji” tumeichukua kwa Waingereza. Skauti huishona kwenye mkono wa shati. “Nishani” ina asili ya Kiajemi, maana yake alama. Rais wa Tanzania huwavisha watu kifuani, kama Nishani ya Mwenge wa Uhuru. Sasa kuna beji ya kidijitali, iliyoanza kupigiwa debe na shirika la Mozilla mwaka 2011: picha ndogo iliyobeba jina la mtoaji, tarehe na kazi uliyoifanya. Ukiibofya, inajieleza yenyewe.

Mwashi wa kata ya Hirbadaw nchini Tanzania aliyejifunzia kwenye kuta za majirani anaweza kupimwa kwa vitendo na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), akapata cheti bila kupitia darasani. Huo ndio utambuzi wa ujuzi. Basi picha ya kidijitali inayoonyesha ujuzi wa namna hiyo tuiite “beji ya ujuzi”. Nishani husifu, beji hushuhudia.