Ndege za Ziwa Tanganyika, 1916: Ni Nani Aliyeizamisha Graf von Götzen?

Wakazi wa pwani ya Fizi, kutoka Lweba hadi Baraka, waliingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia bila kuulizwa. Upande wao wa ziwa ulikuwa wa Wabelgiji. Ng'ambo yote ya mashariki, kuanzia Burundi kuelekea kusini, ilikuwa ya Wajerumani. Maji waliyozoea kuyavuka kwa mitumbwi yakageuka mpaka wa vita. Mwezi wa Agosti 1914 chombo cha Kijerumani kilivishambulia vijiji vya pwani kusini mwa Uvira, kikaharibu mitumbwi na kukata waya wa simu. Tarehe 22 ya mwezi huo huo, meli Hedwig von Wissmann iliipiga kwa mizinga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, huko Lukuga. Tangu siku hiyo Wajerumani wakawa mabwana wa ziwa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Sehemu ya historia hii inayosimuliwa mara nyingi ni ile ya Waingereza walioleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kwa kuburutwa porini na kwa mto. Chini ya uongozi wa Geoffrey Spicer-Simson waliiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, kisha wakaizamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916. Masimulizi hayo yamependwa mno, hata yakafunika yaliyofuata. Kwani meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, ilikuwa bado inaelea Kigoma, na boti hizo hazikuikaribia.

Graf von Götzen ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, na kuunganishwa upya Kigoma. Iliteremshwa majini Februari 1915. Urefu wake ulipata mita 70, na ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliotoka katika manowari Königsberg. Asili ya mzinga huo ina mafunzo yake. Königsberg ilijificha katika matawi ya mto Rufiji, na Novemba 1914 iligunduliwa kwa ndege ya majini iliyorushwa na rubani H. D. Cutler. Meli iliangamizwa Julai 1915, lakini mizinga yake iliokolewa na kusambazwa nchini. Hivyo mmoja wa mizinga hiyo uliojificha Rufiji ulikuja kutafutwa tena na ndege za majini, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Wabelgiji hawakuwa na meli ya kuukabili mzinga huo. Baron Dhanis, waliyoitarajia, ilikuwa haijakamilika. Waliomba ndege, na Uingereza ikawaazima nne za aina ya Short 827. Kila moja ilibeba watu wawili na kuendeshwa kwa injini ya nguvu-farasi 150 hivi, na mwendo wake haukufika kilomita 100 kwa saa. Zilipitishwa Matadi, zikapanda nchi kwa reli na kwa mto Kongo hadi zikafika ziwani. Kituo cha kwanza kilikuwa Mtoa, lakini mawimbi yalikisumbua, ikabidi ndege zihamishiwe katika ziwa dogo la Tungwe lenye maji matulivu. Yafaa kukumbuka kwamba uso wa Ziwa Tanganyika uko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 770. Katika hewa ya joto na nyepesi ya mahali hapo, kuliinua majini dege zito lenye mabomu ni kazi ngumu kuliko kuliinua pwani ya Mafia au Uingereza.

Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon waliruka hadi Kigoma na kuiangushia mabomu Graf von Götzen. Mashambulizi mengine yalifuata hadi Julai. Upande wa Wabelgiji ulidai kwamba meli ilipigwa. Upande wa Wajerumani haukukiri madhara makubwa. Hapa ndipo mtafiti anapopaswa kusita.

Somo la kusita huko limepevuka zaidi katika utafiti wa vita vilivyofuata. Wanaochunguza vikosi vya Japani vya ndege za kivita zenye maboya, hasa ile aina ya Nakajima A6M2-N iliyotumika katika visiwa vya Solomon na Aleutian kuanzia 1942, wamejifunza kutoamini idadi ya ushindi inayotajwa na upande mmoja. Kila dai hupimwa kwa daftari la hasara la adui: kama rubani asema ameangusha ndege tatu, hutafutwa ni ngapi ambazo hazikurudi upande wa pili. Hakuna sababu ya kuupimia mwaka 1916 kwa kipimo hafifu zaidi.

Mapigano ya ndege kwa ndege hayakutokea ziwani, kwa kuwa Wajerumani hawakuwa na ndege huko. Koloni lao lote lilianza vita likiwa na ndege moja tu, ya Bruno Büchner, nayo haikudumu. Kinachobaki kupimwa, basi, ni ndege dhidi ya meli, na kwa bahati njema meli yenyewe ni shahidi. Katika miezi hiyo hiyo ya 1916 mzinga wa milimita 105 uliteremshwa ukatumike nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa bandia wa mbao. Marubani walihatarisha maisha yao juu ya meli ambayo meno yake yalikuwa yanang'olewa na wenyewe. Wakati huo majeshi ya Kongo chini ya Jenerali Tombeur yalikuwa yamekwisha kuingia Kigali na Usumbura, na kikosi cha Olsen kilikuwa kinateremka kuelekea Kigoma. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha Graf von Götzen kwa mikono yao, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya mafundi wake kuzipaka injini grisi nyingi. Siku mbili baadaye Kigoma ilitekwa.

Mtu hapaki grisi injini za meli iliyovunjwa na mabomu. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, injini ziliweza kutumika tena, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe. Ushahidi huo waelekea upande mmoja: ndege ziliitisha Kigoma na kuipeleleza, lakini kilichowalazimisha Wajerumani kuizamisha meli yao ni miguu ya askari waliokuja kwa nchi kavu, na migongo ya wapagazi waliowabebea chakula na risasi. Wapagazi waliotumiwa na Wabelgiji katika vita hivyo walizidi 200,000. Behaeghe alifariki Desemba 1916 huko Niemba, na jina lake limehifadhiwa. Wapagazi wengi walihifadhiwa kama tarakimu tu.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili kuna chanzo kingine, nacho ni lugha. Neno ndege, lililomtaja kiumbe mwenye manyoya, lilitandazwa mbawa likachukua na mashine. Katika Kiswahili cha Kongo husikika pia ndeke, kwa maana zote mbili. Pwani ya Tanganyika ni miongoni mwa mahali pa mwanzo, mbali na bahari, ambapo wasemaji wa Kiswahili waliona kitu kilichohitaji upanuzi huo. Mtafiti atakayekaa Lweba na wazee wa Kibembe, au Ubwari na wavuvi wake, asianze kwa kuuliza habari za Short 827. Aanze na mitumbwi: ilikuwa ya nani, ilifichwa wapi ile miaka miwili, na ni nani aliyevuka usiku kwenda kuuza samaki ng'ambo, kwa ndugu zake walioitwa maadui.