Mipaka ya Majimbo ya Nairobi na Uzito wa Kura

Kura za watu wawili zaweza kuwa sawa ndani ya sanduku, zikatofautiana sana ndani ya Bunge. Tofauti hiyo haitokani na mpiga kura wala na mhesabu kura; hutokana na mchora mipaka. Historia ya majimbo ya Nairobi ni ushahidi wa jambo hili.

Mnamo Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vyao vilikuwa 8 katika nchi nzima, na kiti cha Nairobi alikipata Tom Mboya. Haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, mali na utumishi, hata mtu mmoja aliweza kuwa na kura 3 na jirani yake asiwe na hata moja. Upendeleo huo ulikuwa dhahiri, ukapingwa kwa dhahiri. Ulipofika uchaguzi wa Mei 1963, kila mtu mzima alikuwa na kura moja.

Hata hivyo, upendeleo ulioondolewa katika sheria ya kura ulisalia katika ramani. Tangu uchaguzi wa 1997 nchi ilikuwa na majimbo 210, na Nairobi ilikuwa na 8 tu. Hesabu ya watu ya 2009 ilionyesha kuwa Embakasi ina watu 925,775, na Lamu Mashariki watu 18,841. Kila jimbo lilikuwa na mbunge mmoja. Basi mkazi mmoja wa Lamu Mashariki alilingana na wakazi 49 wa Embakasi.

Si haki kuwalaumu watu wa Lamu kwa hesabu hiyo. Makao yao yametawanyika visiwani na pwani, na jamii ndogo ikiunganishwa na kubwa, sauti yake humezwa. Katiba ya 2010 ilijaribu kupatanisha haki hizi mbili. Iliweka majimbo 290, ikakataza jimbo lolote lililokuwapo kufutwa katika mapitio ya kwanza, na kwa Kifungu cha 89 ikaruhusu majimbo ya miji, na ya sehemu zenye watu wachache, yapishane na wastani kwa asilimia 40.

Mapitio yalikamilika Machi 2012. Embakasi iligawanywa majimbo 5, na Nairobi ikapata 17. Wastani wa nchi ulikuwa watu 133,138 kwa jimbo. Kwa kipimo hicho peke yake, Nairobi ingestahili karibu majimbo 24. Majimbo 17 yalikuwa na wastani wa watu 184,610, na ukomo wa sheria ulikuwa 186,393. Kama yangalikuwa 16, ukomo ungalivukwa. Mji ulipewa kiasi cha chini kabisa kilichoruhusiwa.

Kiasi kama hicho hakistahimili ongezeko la watu. Hesabu ya 2019 ilikuta Nairobi ina watu 4,397,073, yaani 258,651 kwa kila jimbo, ilhali ukomo mpya ulikuwa 229,621. Katiba yataka mipaka ipitiwe kabla ya miaka 12 kwisha. Machi 2024 ilipita bila mapitio.

Hapo ndipo ilipo hatari. Sheria ya 1957 ilimnyima mtu kura naye akajua. Mpaka uliochakaa humpunguzia uzito wa kura yake huku akiipiga kwa furaha.