Filbert Bayi na Mabishano Yaliyomfuata

Bagara ni kata ya mji wa Babati, na Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Asimamaye hapo yu katikati ya nchi iliyozaa wakimbiaji. Upande mmoja iko Mbulu, kwao John Stephen Akhwari. Upande mwingine iko Katesh, kwao Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Na Babati penyewe ndipo kwao Fabiano Joseph Naasi, bingwa wa dunia wa nusu marathoni wa mwaka 2005. Ng'ambo ya Mbulu iko Karatu, alikozaliwa Filbert Bayi mwaka 1953. Wote hao wana sifa zao, lakini sifa za Bayi hazikupata kutenganika na ubishi.

Ubishi wa kwanza ulihusu namna yake ya kukimbia. Desturi ya mita 1,500 ilikuwa kwamba mkimbiaji mwenye busara hujificha nyuma ya wenziwe, akaitunza nguvu yake mpaka mzunguko wa mwisho. Bayi aliipuuza desturi hiyo. Bastola ilipolia, alitoka mbio kama mtu aliyetumwa kuzima moto, akawaacha wengine nyuma. Wajuzi walitikisa vichwa, wakasema ni ujinga wa kijana asiyejua kuipima pumzi yake. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, walipata jibu lao. Aliongoza tangu mwanzo hata mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaivunja rekodi ya dunia aliyoiweka Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967. John Walker, mwenyeji wa nchi ile, alimfuata kwa karibu sana hata yeye pia akawa chini ya rekodi ya zamani. Mwezi Mei 1975, mjini Kingston, Bayi alitwaa na rekodi ya maili moja, dakika 3 na sekunde 51.0, lakini haikudumu, kwani Walker aliichukua mwezi Agosti mwaka ule ule.

Basi dunia ikaungoja mwaka 1976, wawili hao wakutane Montreal. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika ya Kusini, katika majira yale yale ambapo watoto wa Soweto walipigwa risasi mwezi Juni. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe katika Olimpiki; Kamati ya Kimataifa ilikataa, ikidai kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kususia, na zaidi ya ishirini zikafanya hivyo.

Hapa ndipo ubishi ulipokuwa mchungu. Wengine walinena kwamba mtu mmoja alinyang'anywa kilele cha maisha yake kwa kosa la wacheza raga asiowajua. Wengine walijibu kwamba kijana aliyevaa rangi za taifa hawezi kupanda jukwaa la ushindi huku jirani zake wakizikwa. Wakatokea na wa tatu, waliosema kuwa Bayi alikuwa ameugua malaria mwaka ule, na kwamba hata angalikwenda asingalishinda. Hoja hii ya tatu ni dhaifu. Walker alishinda Montreal kwa dakika 3 na sekunde 39.17, mwendo wa polepole kwa watu wa daraja lile. Na ulikuwa wa polepole kwa sababu hakuwapo mtu wa kuwakimbiza wengine tangu hatua ya kwanza. Kama angalishinda au la, mbio zile zisingalikuwa zile.

Mambo ya michezo na siasa yana kejeli zake. Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali, bingwa wa ngumi aliyekwisha kutangaza kustaafu, azishawishi nchi za Afrika kususia Olimpiki ya Moscow. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Wenyeji walimwuliza Ali kwa nini Marekani haikuwaunga mkono Waafrika mwaka 1976, naye akakiri kwamba habari hizo hakuwa akizijua. Haikuwa rahisi kumpata msemaji maarufu zaidi, wala asiyeandaliwa zaidi.

Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi, akiwa na miaka 27, aliingia mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Alitangulia kwa mbali, kama kawaida yake, mpaka Bronisław Malinowski wa Poland alipomfikia na kumpita katika mzunguko wa mwisho. Suleiman Nyambui alipata nishani ya fedha katika mita 5,000, na Bayi fedha yake. Wabishi hawakukosa neno: angalijizuia kidogo, ingalikuwa dhahabu. Yamkini, lakini mtu aliyejizuia asingalikuwa Bayi wa Christchurch.

Baada ya kustaafu alifungua shule, na kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Kiti hicho kilimletea lawama za namna nyingine, kwa maana hata Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 nchi haikuwa imeongeza nishani juu ya zile mbili za Moscow. Kumtwika yeye mzigo wote si haki, maana kamati haiwafundishi watoto mbio vijijini. Lakini aliyekubali ofisi amekubali na maswali yake.

Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni. Yeye hakukimbia kwa mtindo wa Bayi. Alimpita Amanal Petros wa Ujerumani katika hatua za mwisho kabisa, kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde.